Marehemu wa Kuponi

Tulimwacha Kinyozi mbele ya kaunta ya duka kubwa, kuponi mkononi, jasho shingoni, na binti wa kaunta amemuuliza swali moja tu: "Na mkeo yuko wapi?"

Mkewe alikuwa nyuma yake. Alikuwa na kitoroli chake mwenyewe, na alikuwa anatazama dari kama mtu asiyemjua wa mbele wala wa nyuma.

Msomaji uliyepitwa na wiki jana, usihangaike, nitakufikisha kwa mkato. Kuponi ilisema hivi: nunua mafuta lita tano, chukua unga kilo tano bila malipo. Chini yake, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, ilisema: kaya moja, kuponi moja, mwisho leo.

Mke wa Kinyozi, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mikasi kwa sababu mkasi haumtoki mkononi, alikuwa amezikata mbili. Alizikata kwenye magazeti ya saluni ya mumewe. Wateja wa saluni ile wameshazoea. Mtu anasoma habari ya mawaziri, akigeuza ukurasa anakutana na dirisha, na kupitia dirisha anamwona mwenzake akinyolewa.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mke na mume wangekuwa kaya mbili kwa nusu saa. Wangeingia dukani bila kujuana, kila mmoja na kuponi yake na kadi yake ya mteja, ya mume ikifunguliwa hapohapo kaunta, halafu wakutane nje wawe kaya moja tena.

Haukuwa mchezo. Mwanzo wa mwezi, mama yake Kinyozi alitoa hukumu mezani, kijiko mkononi. Kikiisha kitu chochote kabla ya mwezi kuisha, ufunguo wa stoo unatoka kwa Mama Mikasi na kuhamia kwa Wifi, dada yake Kinyozi, anayeishi chumba cha nyuma na kuusubiri ufunguo huo kama watu wanavyosubiri mshahara. Na sasa mafuta yalikuwa yamebaki ya kulainishia bawaba, unga umebaki wa kupaka vidole. Mwezi ulikuwa bado una wiki nzima.

Kosa lilifanywa na Kinyozi. Alipoulizwa anuani yake ili afunguliwe kadi mpya, aliitaja. Ni mtu mkweli, hakuona sababu ya kudanganya nyumba anayolala.

"Mashine inasema nyumba hii ina kadi tayari," binti wa kaunta alimwambia. "Ya mama mmoja."

"Mashine haidanganyi," alisema Kinyozi.

"Basi siwezi kukufungulia nyingine. Labda hiyo ya mama ifungwe. Na haifungwi mpaka aje mwenyewe. Mkeo yuko wapi?"

Hapo ndipo tulipokuwa.

Kinyozi ni mtu wa mdomo. Akishika kichwa cha mtu, hakuna swali linalomshinda, liwe la siasa, la mpira au la bawasiri. Lakini mbele ya kaunta ile hakukuwa na kichwa cha kushika. Alishika ukingo wa meza, haukumsaidia kitu.

"Hayupo," alisema.

"Hayupo nyumbani?"

"Hayupo kabisa."

Binti aliacha kutafuna chingamu. "Baba, unataka kusema amefariki?"

Kinyozi alilitazama dumu la mafuta. Dumu halikumpa ushauri wowote.

"Ndiyo," alisema.

Nyuma yake, marehemu aliacha kutazama dari.

"Pole sana, baba. Lini?"

"Juzi."

"Juzi hii?"

"Ndiyo maana unaniona na mafuta. Ni ya msibani."

"Masikini. Aliumwa nini?"

"Presha. Bei zilipopanda, na yeye ikampanda."

"Alikuwa mtu mzima?"

"Si sana. Ni mdogo kuliko anavyoonekana." Kinyozi alimeza mate. "Alivyokuwa anaonekana."

Kitoroli cha nyuma kilimgonga kisigino. Kilirudi nyuma kidogo, kikamgonga tena.

"Mama, tafadhali," binti alimwambia Mama Mikasi. "Huyu baba amefiwa na mkewe."

"Nimesikia," alisema Mama Mikasi. "Mwambie pole. Mwambie mke wa namna hiyo hatampata tena."

"Ahsante, mama," alisema Kinyozi bila kugeuka. "Ahsante kwa moyo wako."

Binti alifuta jicho, akabonyeza, mashine ikalia. "Ya marehemu nimeifunga, yako nimeifungua. Kuponi imekubali. Mungu akutie nguvu."

Mgane alibeba mafuta yake na unga wake, akatoka akiburuza mguu. Watu wa foleni walimpisha. Mmoja alimshika bega.

"Mama, kadi," binti alimwambia anayefuata.

Mama Mikasi alikuwa na kadi mkononi. Ilikuwa ya mtu aliyefariki juzi.

"Nimeisahau nyumbani," alisema.

"Bila kadi, kuponi haifanyi kazi."

"Najua, mwanangu. Nayajua hayo kuliko unavyodhani."

Alikiacha kitoroli palepale. Tangu duka lile lifunguliwe, ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka mikono mitupu, na mlinzi wa mlangoni, aliyezoea kumfungulia milango yote miwili kwa ajili ya mizigo, alimfungulia mmoja akamtazama kwa wasiwasi.

Kinyozi alikuwa anamsubiri nyuma ya duka, kwenye maboksi matupu.

"Umeniua," alisema Mama Mikasi.

"Nimekuua kidogo tu."

"Umeniua na kuponi yangu. Tumeingia na mbili, tumetoka na moja. Hata tungeibiwa tungetoka na nafuu."

"Mdomo uliteleza, mke wangu."

"Si ungesema tumeachana?"

Kinyozi aliufikiria unga aliokuwa ameukumbatia. "Nilijaribu. Neno lilinikwama kooni. Lile la kufa likatoka lenyewe."

Mama Mikasi alishindwa kujua kama ametukanwa au amependwa. Aliamua kuliacha swali hilo mpaka mwisho wa mwezi.

"Na pointi zangu?" aliuliza. "Pointi nilizokusanya kwa kila kipande cha sabuni tangu duka lifunguliwe?"

"Labda wanazituma huko uliko."

Mama Mikasi alishika dumu upande mmoja, Kinyozi akashika upande wa pili, na wafiwa wawili wakaenda nyumbani.

Nyumbani, Mama Mkwe, mama yake Kinyozi, alikuwa amekaa mezani, mgongo umenyooka. Wifi alikuwa dirishani, ameinua chupa ya zamani ya mafuta juu ya mwanga, anaitazama kama daktari anavyotazama picha ya mapafu.

"Hapa hakuna hata ya kukaangia yai," alisema Wifi.

"Lakini yai lenyewe limo kwenye mpango wa kesho kutwa," alisema Mama Mikasi, "na ni la kuchemsha."

Alikuwa anasema kweli. Nyuma ya mlango wa stoo alikuwa amebandika mpango wa mwezi mzima, siku na chakula chake, na wali unaobaki jioni ulikuwa umeshapangiwa kazi asubuhi. Hakuwahi kwenda dukani na njaa, maana mwenye njaa hununua kwa macho. Hakuwahi kusoma bei ya pakiti kabla ya kusoma uzito wake. Sabuni alinunua wakati kila mtu anazo, biskuti za wageni alinunua wageni wakishaondoka na bei ikishuka.

"Mpango hauliwi," alisema Mama Mkwe. "Mmeleta nini?"

Kinyozi aliweka dumu mezani. Akaweka unga. Akabaki ameshika meza.

Wifi alisubiri. "Mlisema mifuko ya unga ni miwili."

"Duka limebadilika," alisema Kinyozi.

"Limebadilika toka asubuhi?"

"Toka kama nusu saa hivi."

"Kilo tano," alisema Mama Mkwe. "Watu wanne. Wiki nzima. Na wewe mwanangu peke yako unakula kama watu wawili na mgeni."

"Mimi sina haraka," alisema Wifi kwa upole. Alikuwa ameshatoa mfukoni kamba nyekundu ya kuvalia ufunguo shingoni, anaipima urefu.

Mama Mikasi alichukua unga na mafuta, akaenda stoo. Ilikuwa ni chumba chembamba chenye rafu pande mbili na meza ndefu katikati, hakina dirisha, na kilikuwa na ubaridi wake hata mchana wa jua kali. Aliufungua mlango, ufunguo akauacha kwenye kitasa. Alikuwa anaupangia unga mahali pake mlango wa mbele ulipobishwa hodi.

Kinyozi alichungulia pazia. Alirudi mbio, uso umempauka, akaingiza kichwa stoo.

"Usitoke."

"Kuna nini?"

"Wamekuja kukuzika."

Akamfungia kwa nje, akarudi sebuleni, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Hakikuwa kiti. Kilikuwa kapu la nguo za kufua, lakini hakusimama.

Mama Mkwe ndiye aliyekwenda kufungua. Mlangoni alisimama Meneja wa duka kubwa, tai nyeusi, mikono mbele. Nyuma yake binti wa kaunta alikuwa amekumbatia kapu kubwa kiasi kwamba yeye mwenyewe alionekana miguu tu.

"Mama, poleni sana na msiba," alisema Meneja. "Anuani tumeitoa kwenye kadi. Tumekuja na kapu la pole kwa mkweo, mteja wetu mkongwe."

Mama Mkwe alilitazama kapu. Alimtazama mwanawe juu ya nguo chafu. Aliutazama mlango wa stoo. Halafu akalitazama kapu tena, safari hii kwa kituo, kuanzia juu kwenda chini, na hesabu yake ikawa imekwisha.

"Karibuni," alisema. "Tumeumia."

"Mama, nani amek—" alianza Wifi.

"Kaa chini ulie," alisema Mama Mkwe.

Wifi alikaa. Kulia kulimshinda, akajifunika uso kwa mikono miwili, kamba nyekundu ikining'inia katikati ya vidole.

Kapu liliwekwa katikati ya sebule. Meneja alitoa kimoja kimoja, akikitaja kwa sauti ya ibada. "Unga, kilo kumi. Mafuta. Mchele. Sukari. Sabuni ya mche, sita. Majani ya chai. Viberiti, boksi zima. Wafanyakazi wote wamechanga."

Gizani, sikio kwenye mbao, Mama Mikasi alikuwa anapokea. Kila kilichotajwa alikipeleka kwenye rafu yake. Kwa unga ule mwezi ulikuwa umevuka. Kwa mchele ule hata mwezi ujao ulikuwa umeanza vizuri. Alichotakiwa kufanya ni kuendelea kuwa marehemu mpaka wageni waondoke, na kazi hiyo haikuhitaji ujuzi wowote.

"Mimi na marehemu tumejuana siku nyingi," alisema Meneja, akakaa. "Maandishi madogo ya kuponi zetu, mji mzima, yeye peke yake ndiye alikuwa anayasoma. Tukayapunguza, akaja na miwani. Tukayapunguza tena, akaja na lenzi."

"Ndivyo alivyokuwa," alisema Mama Mkwe.

"Siku moja alinunua dawa za meno kwa kuponi tatu zilizopandana. Mashine ilipomaliza kujumlisha, sisi ndio tukawa tunatakiwa kumpa hela."

"Mkampa?"

"Alisimama kaunta mpaka tukampa." Meneja alitikisa kichwa. "Tangu hapo makao makuu wananipigia simu kila Jumatatu. Swali lao la kwanza ni kama ameshakuja."

Binti wa kaunta alikuwa analia kwa dhati. "Mimi ni mgeni pale, hata sikuwahi kumwona," alisema.

"Ulimwona," alisema Kinyozi, halafu akajirekebisha. "Kila anayemwona mama yoyote mwenye kuponi, amemwona yeye."

"Neno zuri, baba."

Mama Mkwe alikohoa. "Mimi nilikaa naye nyumba moja," alisema. "Sikuwahi kumsifia, maana anayesifiwa hulegea. Alikuwa na mkono wa birika, mkono hasa. Chumvi alikuwa anaitoa kwa chembe. Lakini nyumba hii haijawahi kulala njaa, na mgeni hajawahi kunywa chai ya rangi kwa kukosa maziwa. Mwanangu angeoa wa mkono unaovuja, leo tungekuwa tunaishi kwenye saluni."

Ndani ya stoo, sikio lilibana mbao zaidi. Tangu aolewe, Mama Mikasi hakuwahi kusikia neno kama hilo likitoka kinywani mwa mama mkwe wake. Alitamani kulisikia tena. Alijiambia kwamba kumbe kufa kuna faida ambazo haziandikwi popote.

Faida hiyo haikudumu.

"Lakini kazi ya marehemu haiwezi kubaki haina mtu," Mama Mkwe aliendelea. Alisimama, akaenda mpaka mlango wa stoo, akauchomoa ufunguo kwenye kitasa. "Huu ndio aliouacha. Nimefurahi mmekuja, mtakuwa mashahidi. Kuanzia leo ufunguo wa stoo anashika wifi yake. Kuna anayepinga?"

Aliyekuwa anapinga alikuwa stoo.

"Mama," alisema Kinyozi, "si mapema?"

"Mapema kwa nani?"

Kinyozi alitazama mlango. "Kwa marehemu."

"Marehemu akiwa na neno, aseme."

Wote waliinamisha vichwa, kwa heshima.

Mama Mikasi alishika kitasa kwa ndani. Akipiga kelele, ufunguo anaudai mbele ya mashahidi haohao, lakini kapu linarudi dukani, unga wa kilo kumi unarudi, na kesho kutwa kilo tano zikiisha, ufunguo unaondoka tena kwa hukumu ya mezani. Akinyamaza, stoo inajaa kuliko ilivyowahi kujaa, na mwenye kuifungua ni Wifi, ambaye hupika kwa kumimina.

Aliachia kitasa. Aliamua anyamaze kwanza, adai akishafufuka.

Wifi aliupokea ufunguo, akauvika kamba nyekundu, akauvaa. Sasa machozi yalimtoka, tena mengi.

"Alimpenda sana wifi yake," alinong'ona binti wa kaunta.

"Hujui tu," alisema Kinyozi.

Meneja alifungua mkoba, akatoa karatasi na kalamu. "Samahani, mama, ni utaratibu wa duka. Kapu haliachwi mpaka tuandike mazishi ni lini na mwili umehifadhiwa wapi. Kuna watu siku hizi wanakufa kwa ajili ya kapu."

"Dunia imeharibika," alisema Mama Mkwe.

"Imeharibika sana. Basi, baba, mazishi ni lini?"

"Tunasubiri ndugu," alisema Kinyozi. "Wa mbali."

"Na mwili uko hospitali gani?"

Kinyozi alifungua mdomo. Mdomo ule uliomaliza siasa zote za dunia, uliowapa watu dawa za bawasiri bure, ulibaki wazi na hakuna kilichotoka. Alitazama unga wa kilo kumi. Binti wa kaunta alikuwa ameshaanza kurudisha viberiti kapuni, taratibu, kwa kuona haya.

"Hatukumpeleka hospitali," alisema Mama Mkwe. "Kule wanatoza kwa siku. Yuko humo stoo."

Kalamu ya Meneja ilisimama.

"Stoo?"

"Kuna ubaridi. Na ndipo mahali alipopapenda."

Wifi aliacha kulia. Kinyozi alianza.

"Basi," alisema Meneja, akafunga kifungo cha koti, "sitaondoka bila kumuaga."

"Hakuna aliyekuzuia, baba. Wifi yake atakufungulia. Yeye ndiye mwenye ufunguo."

Wifi alimtazama mama yake. Mama yake hakupepesa. Wifi akavua kamba shingoni, akasimama, akaenda mlangoni polepole kama mtu anayeongeza safari.

Ndani, Mama Mikasi alikuwa na muda wa kufanya mambo machache, na aliyafanya kwa mpango. Alisogeza sabuni ili zisianguke. Alipanda mezani, akajilaza chali, viatu akavificha chini ya gunia. Alichota unga wa kuponi, nusu ya kiganja, akaupaka usoni, na uliobaki kiganjani akaurudisha kwenye mfuko wa unga. Alifumba macho. Ufunguo uligeuka.

Mwanga ulimpiga. Alisikia hatua za viatu vya ngozi, halafu vya binti vinavyositasita, halafu pumzi ya Meneja juu yake.

Meneja aliinama zaidi. Alikuwa anamtazama uso, na uso ule aliujua vizuri, maana alikuwa amebishana nao tangu cheo chake kikiwa kidogo.

"Ni yeye," alisema hatimaye. "Hata hivi anaonekana kama anatafuta kasoro."

"Amekuwa mweupe sana," alisema binti, akimchungulia kwa mbali.

"Ndivyo wanavyokuwa." Meneja alishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyebeba mzigo miaka na leo ameutua. "Ukirudi dukani, waambie ile ofa ya sabuni ya unga tuitoe sasa. Ile niliyoificha ofisini kwa kumwogopa yeye. Nunua moja, upewe mbili, na hakuna kikomo. Ianze kesho asubuhi."

"Pakiti ya gramu ngapi?" aliuliza marehemu.

Binti wa kaunta hakupiga kelele. Sauti ilimkauka. Alitoka kinyumenyume, akajigonga kwenye fremu, akampita Wifi, akampita Kinyozi, aliyekuwa ameshasimama, akazimia juu ya kapu la nguo za kufua, na huko nyuma mlango alioupiga kwa bega ukajifunga pwaa.

Mama Mkwe alikuwa ameshafika. Aliuzungusha ufunguo uliokuwa bado kwenye kitasa, mara mbili, akauchomoa. Wifi alinyoosha mkono kuupokea. Mkono ulibaki hewani. Mama Mkwe aliutia ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, kamba nyekundu na vyote.

"Mama, umenipa mbele ya mashahidi," alisema Wifi.

"Shahidi mmoja amezimia, mwingine yuko ndani. Kaa."

Kutoka stoo ilisikika sauti ya Meneja, ya kiofisi lakini imepanda juu kidogo. "Fungueni. Huu ni udanganyifu. Kapu linarudi, kadi inafungwa, na kesho nyumba hii yote—"

Mama Mkwe aliinama mpaka tundu la ufunguo, taratibu, kwa sababu ya kiuno.

"Meneja," alisema, "aliyekufa mmemletea kapu. Huyu aliyefufuka mnampa nini?"

Kisha ndani yakasikika mazungumzo ya chini, ya watu wawili, sauti moja kali na moja tulivu. Ile kali ikapungua. Ile tulivu ikaendelea, ikataja uzito, ikataja bei, ikataja simu za kila Jumatatu kutoka makao makuu na jinsi watakavyoipokea habari ya meneja aliyekwenda kumzika mteja akiwa hai. Halafu kali ikanyamaza kabisa.

Hatua zilikuja mlangoni. Aliyezungumza kwenye tundu hakuwa Meneja.

"Mama," alisema Mama Mikasi, "maneno yako mazuri niliyasikia, nakushukuru. Lakini sasa tuelewane. Wewe una ufunguo. Mimi nina Meneja."